Mguu unatafuta gia ya saba: niongeze jino mbele au nipunguze nyuma?

"Nina pikipiki ya safari, silinda mbili, cc 800 na ushee, gia sita, ya cheni. Mbele ina sproketi (lile gurudumu la meno linalobeba cheni) ya meno 16, nyuma 43. Nikiwa kwenye 110 gia ya sita, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unakaa kwenye 5,000 na kila mara mguu wangu unatafuta gia ya saba ambayo haipo. Usukani unatetema mpaka vidole vinakufa ganzi, na naona inakula mafuta. Mara nyingi nampakia mke wangu pamoja na mabegi matatu. Mmoja ananiambia weka 18 mbele utakuja kunishukuru, mwingine anasema usiguse mbele, punguza meno manne nyuma, wa tatu anasema ukigusa gia za kiwandani unaua injini. Nani mkweli hapo? Na je, mwendo utaongezeka?"

Huo mguu unaotafuta gia ya saba naujua, karibu kila anayesafiri mbali na pikipiki ya gia sita kashaunyanyua ukakuta hewa. Kwa hiyo huna tatizo la ajabu ndugu yangu. Ila kwenye swali lako umefunga maswali manne kwenye furushi moja: kelele ya RPM, ganzi ya vidole, mafuta na mwendo, na kosa wanalofanya wengi ni kudhani sproketi moja itayatibu yote manne kwa mpigo. Haiyatibu. La kwanza inalipunguza, la pili inaweza kulihamishia kwingine, la tatu inaligusa kidogo tu, na la nne inaweza hata kuliharibu.

Nianze na yule wa tatu, wa kuua injini, maana nusu kakutisha bure na nusu kasema kweli bila kujua. RPM 5,000 kwa injini kama hiyo siyo mateso, mstari mwekundu, yaani kikomo cha RPM, uko mbali huko juu, na injini ya silinda mbili ya siku hizi yenye oili safi inaweza kukaa 5,000 asubuhi mpaka jioni na kesho yake ikaamka vizuri tu. Wewe unasikia inalia, yenyewe iko kazini. Kinachoichosha injini zaidi ni kinyume chake, kuibana kwenye RPM za chini huku umefungua mafuta yote, mzigo mzito, kamlima mbele yako, na wewe umeng'ang'ania gia ya sita. Hapo ndipo unasikia ile gu-gu-gu, cheni inapigapiga, raba za kwenye habu ya nyuma zinafinywa, wakati mwingine injini inagonga. Sasa angalia, ukiongeza jino mbele unajisogeza karibu na hali hiyo. Kwa hiyo sproketi haitaua injini, ila inaweza kukujengea tabia itakayoichosha kama hutaki kushusha gia.

Twende kwenye kinachofanyika kule chini. Injini inazungusha gia boksi, gia boksi inazungusha sproketi ndogo ya mbele, ile ndogo inavuta cheni, cheni inazungusha sproketi kubwa iliyofungwa kwenye tairi la nyuma. Meno 16 kwa 43 maana yake ile ndogo izunguke mara 2.69 ndipo tairi lizunguke mara moja. Unagawanya meno ya nyuma kwa ya mbele, basi, hamna siri nyingine. Namba hiyo ikishuka, tairi linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko wa injini lakini nguvu ya kusukuma inapungua kwa kiasi hichohicho, huko mimi naita upande wa mbio. Ikipanda, injini inazunguka sana ila mzigo inauvuta kirahisi, huko ni upande wa nguvu. Aliyewahi kupanda mlima na baiskeli ya gia hili analijua kwa magoti yake. Na tafadhali shika hili, sproketi kubwa ya mbele na sproketi kubwa ya nyuma zinafanya kazi kinyume. Nimeshaona mtu kaagiza "kubwa zaidi" ya nyuma akitaka injini itulie, kaifunga, katoka nayo barabarani, karudi kanuna.

Sasa hesabu yako. Huna haja ya kujua mzingo wa tairi wala meno ya ndani ya gia boksi, unachukua RPM ya sasa unazidisha na namba mpya, unagawanya kwa namba ya zamani. 17 kwa 43 inakupa 2.53. Pale ulipokuwa kwenye 5,000 utakuwa kwenye 4,700 hivi. Umeona? RPM 300. Watu wanategemea mshale udondoke kama wameingiza gia mpya kabisa, kumbe ni asilimia 6. Ile 18 ya rafiki yako wa kwanza inakupeleka 4,440, na meno manne nyuma ya yule wa pili, yaani 16 kwa 39, inakupeleka 4,530 hivi. Kwa hiyo hao wawili wanaobishana kumbe wanakushauri kitu karibu kilekile, wamegawana tu nani aguse mbele nani aguse nyuma. Kwa pikipiki yako kuongeza jino moja mbele ni sawa na kupunguza meno 2.5 hivi nyuma.

Na kuna jambo moja ambalo wote watatu wamelisahau. Wewe unalalamikia gia moja, ya sita, kwenye mwendo mmoja, 110. Sproketi haichagui gia. Inabadilisha zote sita. Ya kwanza yako nayo itakuwa nzito kwa asilimia zilezile, na hapo ndipo mke wako na mabegi matatu wanaingia kwenye hesabu. Kuondoka kwenye kilima umejaza, kugeuza kwenye njia nyembamba, kutambaa nyuma ya lori, kote huko utakuwa unashikilia klachi nusu kwa muda mrefu kidogo kuliko sasa. Kwa jino moja unazoea ndani ya siku mbili. Kwa mawili, kwa mzigo wako, mi nasema hapana, utanuka klachi kabla hujafika mlimani. Na kushuka mlima pia, injini itakusaidia kuzuia pungufu kidogo kuliko ilivyokuwa, breki zitafanya kazi zaidi, ukiwa umejaza utalihisi.

Kabla hujanunua chochote fanya jaribio hili, halina gharama na watu hawalifanyi sijui kwa nini. Pakia kama unavyopakia siku zote, ingia barabarani, gia ya sita, halafu tembea 103 na nusu badala ya 110. Hapo injini iko kwenye zile 4,700, ndizo RPM utakazozipata kwenye 110 ukiweka 17. Kaa hapo dakika kumi. Sikiliza, shika usukani, pima vidole. Kama tofauti ni ya kukufurahisha, vizuri, sproketi itakupa hiyohiyo. Kama unajiambia mbona ni kama ileile, basi nimekuokolea hela. Halafu tafuta kilima unachokipandaga, kipande ukiwa umejaza kwa gia ya sita hivi ilivyo sasa. Kama sasa hivi inapanda kwa tabu, ukiweka 17 hapo patakuwa pa gia ya tano, na ukiwa gia ya tano RPM zinarudi juu, wakati mwingine juu kuliko zile ulizokuwa unazikimbia.

Ukishafanya hilo jaribio kuna jambo utaliona mwenyewe, na sitaki unichukie kwa kulisema. Ukipunguza mwendo kutoka 110 kwenda 100 RPM zinashuka 450. Hiyo ni zaidi ya jino moja na haihitaji hata spana. Tena nguvu ya kupasua upepo haipandi kwa mstari ulionyooka, inakua kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 100 kwenda 110 inapanda kwa karibu theluthi nzima, na hapo bado hatujahesabu hayo mabegi ya pembeni yaliyotanua mabega kama milango. Sisemi usiende 110. Nasema kama kilio kikubwa ni mafuta basi jibu liko kwenye mkono wa kulia kabla halijafika kwenye cheni.

Mafuta sasa, maana hapo uongo ni mwingi. Ni kweli kwamba injini ikizunguka polepole kwa mwendo uleule inapoteza kidogo kwenye msuguano wa ndani, na koo la hewa linafunguka zaidi kwa hiyo haihangaiki kunyonya hewa kupitia kitundu. Faida ipo. Lakini ni ndogo, na inaliwa haraka sana na upepo wa mbele au na ile kushuka gia ya tano kila kilima. Cha kuchekesha ni kwamba kwenye pikipiki nyingi dashibodi inahesabu kilomita kwenye shafti ya gia boksi, siyo kwenye tairi. Ukiweka 17, tairi linatembea asilimia 6 zaidi kwa kila mzunguko wa ile shafti, dashibodi haijui, kwa hiyo inaandika kilomita chache kuliko ulizotembea, na ukipiga hesabu ya kilomita kwa lita unaona ulaji umeongezeka wakati ukweli unaweza ukawa umepungua. Aliyepunguza jino mbele anaona kinyume, anatangaza kwa marafiki pikipiki yake inakunywa kidogo siku hizi, kumbe anadanganywa na saa yake mwenyewe. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha, tumia GPS, kabla na baada, njia ileile.

Hilo la dashibodi siyo la kuchekesha tu. Spidi za kiwandani kwa kawaida zinasoma juu kidogo ya ukweli, hiyo ndiyo akiba yako ya usalama. Kama yako inasomea gia boksi, jino moja la mbele linaila hiyo akiba yote au karibu yote, unaona 100 kumbe uko 100 kweli au 102, na kamera ya barabarani haitaki kujua una meno mangapi. Ukisogea upande wa mbio spidi inasoma chini kuliko ilivyokuwa inasoma, ukisogea upande wa nguvu inasoma juu. Pikipiki zinazochukua spidi kwenye sensa ya tairi hazina shida hii. ABS (ile inayozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) na kizuia kuteleza navyo kwa kawaida vinasoma tairi, sproketi haviihisi, ila ile namba ya kuonyesha uko gia ya ngapi kwenye baadhi ya pikipiki inapatikana kwa kulinganisha RPM na spidi, hiyo inaweza ikachanganyikiwa. Kitabu cha pikipiki yako kitakwambia sensa iko wapi, au panda tu huku umewasha GPS kwenye simu uone namba zinaachana kiasi gani kwa sasa. Ijue hiyo tofauti kabla ya kubadilisha, siyo baada.

Haya, vidole. Hapa ndipo ningekaa muda mrefu zaidi kama ningekuwa karibu na hiyo pikipiki, maana ganzi ya vidole mara nyingi siyo kesi ya gia. Injini ya silinda mbili ina eneo lake la kutetema, RPM fulani ambazo fremu na usukani vinaitikia kama ngoma. Tuseme kwako ni hapo kwenye 5,000. Ukiweka 17, ile 5,000 haijafa, imehamia kwenye 117. Kama kwenye safari unatembea 105 mpaka 110, umelikwepa, hongera. Kama wewe ni mtu wa kusema 110 halafu GPS inasema 116, umelipa hela ili ukakae katikati ya tetemeko. Ndiyo maana nasisitiza lile jaribio la 103 na nusu. Fanya na lingine, kwenye barabara iliyonyooka isiyo na mtu, ukiwa 110 funga mafuta, shika klachi, acha injini ishuke kwenye RPM za kusimama huku pikipiki inaserereka. Mtetemo ukikata palepale, unatoka kwenye injini. Ukibaki na kufa taratibu pamoja na mwendo, basi ni tairi, rimu, beringi au cheni yenyewe, na hapo sproketi mpya itakuwa ni kupaka rangi nyumba inayovuja. Kama ni injini, angalia kwanza bolti za kuishikilia injini kwenye fremu, angalia vile vyuma vizito vya mwisho wa usukani kama vipo bado (vinadondoka, au mtu kavitoa alipoweka vilinda mikono), na mwambie fundi apime kama silinda zote mbili zinavuta hewa sawa. Niliwahi kupewa pikipiki ya jamaa aliyekuwa kashabadilisha sproketi mara mbili akifukuza mtetemo, bolti moja ya injini ilikuwa inazunguka kwa vidole.

Mwendo wa juu nitaupitia haraka. Kwa pikipiki tupu, mpandaji mwembamba kalala kwenye tangi, labda. Kwa yako yenye mabegi na watu wawili, upepo ndio unaoamua, na injini inahitaji RPM zake ili itoe nguvu ya kushindana na huo upepo. Ukiivuta upande wa mbio unaishusha chini ya pale inapotoa nguvu yake yote, kwa hiyo mara nyingi gia ya sita inakuwa ya kutulia tu na mwendo wa juu unaupata kwenye ya tano. Wengine wanaopanda milima sana na mzigo wanakwenda kabisa kinyume, wanaweka 15 mbele, RPM zinapanda asilimia 6 na ushee, na wanafurahi maana kila gia inavuta. Kama safari zako nyingi ni za milima na siyo tambarare ndefu, hilo lifikirie kwa utulivu, hata kama siyo ulichokuja kutafuta.

Mbele au nyuma? Mbele, kwa kuanzia. Sproketi ya mbele ni ya bei ndogo kuliko ya nyuma, inatoka kirahisi, na ukijuta unarudisha. Tena kubwa ya mbele ni rafiki wa cheni. Cheni ikizunguka kwenye sproketi haifuati duara, inafuata pembe, kila pingili inakunjwa na kunyanyuka kidogo, na meno yakiwa machache ndivyo inavyokunjwa vikali zaidi na ndivyo inavyosugua ile plastiki ya juu ya mkono wa nyuma, ule unaoshika tairi la nyuma. Ndiyo maana wanaoshuka mpaka meno madogo sana mbele cheni zao hazidumu. Kuongeza kwenda 17 hakuna dhambi hiyo. Ila hakikisha 17 inaingia, yaani kuna nafasi ya cheni kupita kati ya sproketi na kifuniko au kava la injini. Nyingi zinapokea jino moja la ziada, 18 zinagoma au cheni inakwaruza aluminiamu, na ukianza kusikia mkwaruzo huo umeshachelewa. Nyuma faida yake ni kupima kwa kipimo kidogo, jino moja nyuma linakupa asilimia 2 na kitu tu, kwa hiyo ukishajua unachotaka, siku ya kubadilisha seti nzima unaweza kuchagua 16 kwa 41 kwa mfano, ambayo inakaa katikati, RPM 4,770 hivi.

Kuna habari ya urefu wa cheni. Kila jino unaloongeza, mbele au nyuma, linasogeza ekseli ya nyuma kuelekea mbele kwa milimita 4 hivi, na kila unaloondoa linairudisha nyuma milimita 4. Hiyo ni kwa cheni za 520, 525 na 530, ambazo zote pingili zake ni milimita 15.875 kutoka pini mpaka pini, zinatofautiana upana. 17 mbele basi, ekseli inasogea mbele milimita 4, nafasi kwa kawaida ipo. Yule wa meno manne nyuma anairudisha nyuma milimita 16, na kama cheni yako imeshavutika kidogo unafika mwisho wa alama za kurekebishia, itabidi ukate pingili mbili, na ukishakata hurudi tena kwenye 43 na cheni hiyohiyo. Hilo hakukwambia.

Halafu usiweke sproketi mpya kwenye cheni iliyochoka. Cheni iliyovutika haikai tena kwenye mashimo ya meno mapya, inapanda juu, inayala. Ishike cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute kuja kwako, kama unaona nusu ya jino imebaki wazi, safari yake imeisha, subiri ubadilishe vyote vitatu pamoja. Ukitaka kupima kwa rula, pingili 20 zikiwa mpya ni milimita 317.5 kutoka katikati ya pini mpaka katikati ya pini, na kitabu kitakupa kikomo. Kama cheni bado iko kwenye nusu ya kwanza ya maisha yake, kuweka 17 kwa majaribio hamna shida. Sproketi za safari chagua chuma, za aluminiamu ni nyepesi lakini kwa kilomita unazokwenda zitaisha ukiwa mbali na nyumbani. Mpenda hesabu atakwambia pia uepuke namba zinazogawanyika kama 15 kwa 45, ambapo jino lilelile la mbele linarudia kukutana na pingili na meno yaleyale, kuchakaa kunakuwa kwa madoa. Ni kweli ila ni kwa kiasi kidogo, na 17 kwa 43 haina shida hiyo hata kidogo.

Sehemu inayoharibu pikipiki za watu siyo hesabu ya meno, ni mkazo wa cheni baada ya kufunga. Cheni inakaza zaidi pale ambapo sproketi ya mbele, bolti ya mkono wa nyuma na ekseli vimekaa kwenye mstari mmoja, na pikipiki yako inafika hapo inapobonyea, yaani pale mke wako anapokaa na mabegi yakajaa. Sasa mtu anarekebisha pikipiki ikiwa tupu kwenye stendi, anapenda cheni iwe imenyooka vizuri machoni, anaondoka amejaza, na kila shimo cheni inavuta shafti ya gia boksi kama upinde. Beringi ya pale inakufa, sili inaanza kuvuja oili, na hiyo ni kufungua injini. Fuata kipimo cha kitabu, ikaguliwe kwenye sehemu tatu nne za mzunguko wa tairi kwa sababu cheni haivutiki sawasawa, kisha akae mtu mzito mahali pa abiria na wewe ukae pako, mtu wa tatu aguse cheni. Lazima bado icheze. Kati ya kulegea kidogo na kukaza kidogo, legea.

Haya yote ni ya cheni. Nayasema hivi kwa sababu pikipiki nyingi za safari ni za shafti au mkanda na watu wanauliza swali hilohilo. Ya shafti huongezi jino, meno yako ndani ya difu ya nyuma, unatafuta difu nzima ya modeli ndugu yenye hesabu tofauti inayoingia, kama wanavyofanya wenye BMW za zamani za silinda mbili za kulala ambazo difu zake zimegongwa namba kama 37/11 au 32/11. Ya mkanda unabadilisha puli, na mkanda haukatwi kama cheni, unaweza ukalazimika kununua wa urefu mwingine.

Ningekuwa mimi, na mzigo wako huo, kwanza ningekaza bolti za injini na kuangalia cheni, nifanye yale majaribio mawili, na kama bado mguu unatafuta gia ya saba ningeweka 17 mbele nikae nayo safari moja nzima ya kwenda na kurudi kabla ya kusema chochote kwa mtu. Ya 18 nisingeiweka hata bure.

Kazi yenyewe unaweza kuifanya mwenyewe kama una spana ya kupima mkazo. Nati ya sproketi ya mbele inakazwa kwa kipimo cha kitabu, siyo kwa kukisia, na ile washa ya kukunja ikunjwe, kama imeshakunjwa mara nyingi weka mpya. Kabla ya kulegeza nati weka gia na mtu akanyage breki ya nyuma cheni ikiwa bado mahali pake, usije ukaishika kwa kuchomeka bisibisi kwenye meno. Ila peleka kwa fundi kama itabidi kukata au kuunga cheni, maana pini ya kugongelea ikigongwa vibaya inafunguka kwenye mwendo, na cheni iliyokatika inaweza kufunga tairi la nyuma au kutoboa kava la injini. Mpelekee pia kama ukitoa kifuniko unakuta oili mpya imetapakaa kuzunguka shafti, au sproketi ya zamani inacheza kushoto kulia kwenye meno ya shafti, au cheni ina sehemu moja imekaza na nyingine imelegea sana. Hapo usifunge kitu kipya juu yake. Ukimaliza chora alama ya rangi kwenye nati na shafti, kilomita mia chache baadaye fungua uangalie kama alama bado zinatazamana, upime na mkazo wa cheni tena.

Na ile 16 usiitupe. Ifute, ipake oili, ifunge kwenye kitambaa uiandike kilomita ilizotembea, maana ukipanga safari ya milimani na mzigo mzito utaitafuta, na kama cheni ni ileile kuirudisha ni kazi ya nusu saa.